Kicheko Katika Sinema ya "Election"

Ziko sinema za shule ambazo hutuchekesha kwa mambo yasiyochekesha: hila, wivu, hata mauti. Wengi huzitazama na kuzisahau. Mimi nasadiki kwamba zastahili kusomwa kama tusomavyo kitabu, yaani kuuliza ni nani asemaye, na kamera imesimama upande wa nani.

Mfano wangu ni "Election", sinema ya Marekani iliyoongozwa na Alexander Payne mwaka 1999. Ni habari ya shule moja ya sekondari huko Omaha, katika jimbo la Nebraska. Tracy Flick, msichana mwenye bidii nyingi, agombea urais wa wanafunzi. Mwalimu wake, Bwana McAllister, hampendi, naye amshawishi Paul, mchezaji mpira, ashindane naye. Kura zahesabiwa, Tracy ameshinda kwa kura moja tu. Mwalimu azitupa kura mbili kapuni, na Paul atangazwa mshindi. (Paul mwenyewe, kwa uungwana wake, alikuwa amempigia kura Tracy!) Yamo na mengine ambayo hayafai kusimuliwa katika gazeti la shule.

Mapema katika sinema hiyo Tracy anyoosha mkono darasani. Anapojibu, picha yasimama ghafla, naye yu katikati ya neno, uso umekaa vibaya. Ukumbi wetu wote uliangua kicheko. Lakini ni nani aliyeisimamisha picha ile? Sauti inayosimulia wakati huo ni ya mwalimu. Basi ule si uso wa Tracy hasa, bali ni Tracy kama aonekanavyo na mtu asiyempenda.

Wenzangu hunibishia kwamba wasimulizi ni wanne: mwalimu, Tracy, Paul na dada yake Tammy, hivyo kila mmoja amepewa haki yake. Ni kweli. Hata hivyo, Tracy alipopata zamu ya kusema, kicheko chetu tulikwisha kumpa mwalimu.

Nasi wasichana twalijua jambo hili bila sinema. Msichana anyooshaye mkono kila swali huitwa kimbelembele. Mvulana afanyaye vivyo hivyo huitwa hodari.

Kura mbili zilipotupwa, baadhi ya watazamaji walipiga makofi. Kisha nikamsikia mvulana mmoja nyuma yangu akimwuliza jirani yake polepole, "Kwani yule binti amekosa nini?" Jirani hakumjibu.