Chombo na Kilichomo

Mwalimu mmoja mstaafu alisikia kompyuta yake ikigonga ndani kwa ndani. Katika diski yake zilikuwamo hadithi za marehemu mama yake, alizozinasa kwa miaka mingi, wala hazikuwa na nakala. Fundi alimwuliza: itengenezwe, au inunuliwe nyingine?

Swali hilo lilichanganya chombo na kilichomo. Visahani vya diski ya namna ile huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Chembe ya vumbi yatosha kukwaruza yaliyoandikwa. Basi kuifungua mezani ni kuizika. Hata programu za kurekebisha, ambazo watu huzikimbilia kwanza, huzidi kuichosha diski iliyo taabani.

Mwalimu aliizima. Siku ya pili alileta diski mpya, na fundi akanakili hadithi kwanza, picha baadaye. Hadithi tatu zilikataa kusomeka. Diski ya kale hakuitupa. Aliifunga kitambaani akaiweka kabatini, mpaka apate fedha za kuwalipa mafundi wafunguao diski katika vyumba visivyo na vumbi.