Siku ya Kusia Mbegu

Nilipokuwa nikifundisha Kiswahili darasa la sita, nilizoea kuandika ubaoni methali mbili, moja chini ya nyingine: "Haraka haraka haina baraka" na "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Kisha niliwauliza watoto ipi ni ya kweli. Walibishana mpaka kengele ikalia. Nami, kwa ujanja wa kialimu, niliwajibu kwamba zote ni za kweli, kila moja kwa wakati wake. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeniuliza swali lililopaswa kufuata: mtu atajuaje kwamba huu ni wakati wa ipi? Swali hilo nimekutana nalo uzeeni, katika kasha la miche ya nyanya.

Sisi wa Gendabi tunaishi chini ya Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Juni na Julai ni miezi ya baridi na upepo mkavu. Mvua kwa kawaida huanza Novemba na kuendelea mpaka Mei. Mtu anayengojea mvua ndipo apande nyanya, zitazaa wakati wa unyevu mwingi, na ugonjwa wa bakajani utamwachia mabua meusi. Anayetaka kuvuna kabla ya hapo hana budi kuhamishia miche bustanini mapema Septemba na kuimwagilia kwa maji ya kijito, ili tunda la kwanza liive Novemba mwishoni au Desemba mwanzoni. Na ili awe na miche Septemba, ni lazima asie mbegu mwishoni mwa Julai, wakati baridi bado inauma. Hapo ndipo penye kazi.

Mimi ualimu nilisomea Mpwapwa, nchi ya joto. Katika bustani ya chuo mbegu za nyanya zilichomoza baada ya siku tano au sita, nami nikaamini kwamba hiyo ndiyo tabia ya nyanya popote duniani. Nilipohamishiwa huku nikiwa kijana, zama za Elimu ya Kujitegemea, nilisia kitalu cha shule mwezi Julai, nje, kama nilivyofundishwa. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili ikapita. Nikaamuru maji yaongezwe, kumbe nilikuwa naziozesha mbegu. Kila asubuhi watoto walileta maji kwa vidumu, mikono ikiwatetemeka kwa baridi, wakamwagilia udongo mtupu. Michache iliyochomoza, kinyausi kikaikata shingo. Siku ile nilisimama mbele ya shule nzima nikawalaumu wanafunzi kwa uvivu. Miaka imepita mingi, lakini jambo hilo bado linanitia haya.

Mke wangu, ambaye ni mwenyeji wa hapa, hakubishana nami. Mwaka uliofuata alichukua kasha la mbao, akatoboa matundu chini, akalijaza udongo wa msituni, samadi iliyooza na mchanga kidogo. Udongo ule aliukaanga kwanza katika karai ili kuua vijidudu. Akasia mbegu katika mistari, akazifunika kwa udongo mwembamba, kisha akaliweka kasha jikoni, hatua mbili kutoka kwenye mafiga. Zilichomoza siku ya nane. Mbegu haisomi kalenda wala haijali joto la mchana. Inachosikia ni joto la udongo iliolala ndani yake. Usiku wa Julai hapa kwetu udongo wa nje hupoa mno, lakini wa jikoni hubaki vuguvugu mpaka alfajiri.

Asidhani msomaji kwamba kazi inaishia hapo. Mche ukishachomoza unataka mwanga kuliko joto. Ukiachwa gizani jikoni hurefuka, hupauka na kulala. Kwa hiyo kila asubuhi, jua likishapanda, kasha hutolewa barazani, na jioni hurudishwa ndani. Wiki ya mwisho maji hupunguzwa na miche huachwa nje muda mrefu zaidi, ili izoee. Baada ya wiki tano au sita, ikiwa na unene wa kalamu ya risasi, huhamishwa. Kitunguu hutaka muda mrefu zaidi, wiki saba au nane. Kabichi hutosheka na nne au tano.

Kutokana na hayo nilijitungia kanuni, nikawafundisha wengi: usianze kuhesabu na leo. Anza na siku utakayohamisha miche, kisha rudi nyuma. Niliiona ni kanuni isiyo na kasoro.

Mwaka 2023 tulisia Julai mwishoni, tukahamisha Septemba, na Jumamosi tarehe 2 Desemba mke wangu akachuma nyanya za kwanza. Alichagua tatu nzuri, akakamua mbegu zake na kuzianika juu ya karatasi ya daftari. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliporomoka. Tope, mawe na magogo vilishuka mpaka Katesh mjini na katika vijiji vya huku kwetu. Watu zaidi ya 80 walifariki. Nyumba yetu, iliyo juu kidogo, ilisalimika. Bustani ya kijitoni ilizikwa yote. Katika msiba kama ule hapakuwa na mtu wa kulilia nyanya, nasi tulizika wenzetu.

Julai ya 2024 ikafika. Nilimwona mke wangu akikaanga udongo. Nikamwuliza, "Mama, unasia ili upande wapi? Kiwanja hatuna."

Akasema, "Mwalimu, kiwanja kinaweza kupatikana Septemba. Kikipatikana na miche haipo, utapanda nini?"

Sikuwa na jibu. Kanuni yangu ilihitaji siku ya kuhamishia, na siku hiyo hapakuwa na aliyeijua. Akasia zile mbegu za karatasi ya daftari. Zikachomoza.

Sasa zamu ya haraka ikawa yangu. Agosti ilipofika katikati nilitaka tupande juu ya lile tope, maana miche ilikuwa inakua. Mke wangu akakataa. Tope lilikuwa limekauka na kuwa gumu kama sakafu, limejaa mawe. Badala yake alihamishia miche katika makopo, mmoja mmoja, akaipunguzia maji ili isikimbie. Tulingoja. Wiki ya pili ya Septemba shemeji yangu akatuazima kipande cha ardhi karibu na kisima chake. Tulipanda miche 60. Mingine tuliwapa majirani, akiwamo mama mmoja aliyempoteza mwanawe katika tope lile. Alichukua miche sita, akaifunga katika ncha ya khanga, akaondoka bila kusema neno. Desemba alituletea nyanya katika sahani.

Nadhani sasa ningeweza kumjibu yule mtoto ambaye hakuniuliza. Mbegu ina wakati wake na ardhi ina wakati wake, na wakulima wengi tunakosea kwa kuzidhani ni saa moja. Katika kusia, usingoje mpaka mambo yote yawe sawa, maana Julai haitakungoja. Katika kuhamisha, usiharakishe, hata kama mche unakusihi.

Mwaka huu pia kasha lipo jikoni. Kazi ya kulitoa barazani asubuhi nimepewa mimi.