Waambie Vijana Wasije

Iringa

Baraka mwanangu,

Dada yako ameniambia ulilonificha: Jumamosi unakusanya vijana wa Matundasi mkabomoe vibanda vya waliovamia shamba la marehemu baba yako. Waambie wasije.

Kanuni ya Adhabu ina kosa la kuingia kwenye ardhi kwa nguvu, na haijali kama anayeingia ana haki na ardhi hiyo. Mwenye shamba anaweza kulala mahabusu, mvamizi akawa mlalamikaji! Inauma, lakini mimi naiunga mkono. Huko kwenu Chunya watu wanagombea mashimo tangu miaka ya 1920, dhahabu ya Lupa ilipowaita. Kila mtu akijitwalia haki kwa sururu, tutazika wangapi?

Ila usilale. Sheria ya Ukomo inatoa miaka 12 ya kudai ardhi, na kwa aliyefariki akiwa bado analimiliki shamba lake, hesabu huanzia siku ya kifo. Kaka yangu, baba yako, alifariki 2015. Piga hesabu mwenyewe. Wavamizi wakisema wamekaa siku nyingi, kukaa tu hakutoshi: mwaka 2018, katika shauri la masista wa Holy Spirit, Mahakama ya Rufani ilisema anayedai ardhi kwa ukaaji ndiye athibitishe, pamoja na mengine, kwamba mwenye ardhi aliitelekeza. Kwa hiyo ile sehemu wasiyoivamia ilime mwaka huu, hata mahindi tu.

Kikwazo kiko kwetu. Huwezi kudai kwa jina lako, shamba bado ni la marehemu. Ukoo ukae, tupeleke muhtasari wa kikao na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi wa mirathi. Huyo ndiye aende Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 linasuluhisha tu bila kuamua, na lina siku 30. Ikishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tukishinda, wa kuwatoa ni dalali wa mahakama mwenye amri mkononi.

Wale wavamizi wenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, waulize leseni, kwa upole. Madini yaliyo chini ni ya Jamhuri, si yetu. Lakini leseni ya kuchimba haimpi mtu shamba, lazima apatane na mwenye ardhi.

Mwombe mama yako karatasi za shamba, uandike majina ya wazee tuliopakana nao walio hai bado. Kisha nipe tarehe ya kikao. Nauli ninayo.

Shangazi yako