Namba ya petroli si cheo: maswali ya bi harusi wetu wa Kibaha

Wiki hii hatuna hina wala mapambo ya ukumbi. Tumekuja na petroli, na tunaomba msitukimbie, kwa sababu jambo lenyewe lilianzia kwenye mahari.

Mwenzetu mmoja wa hapa kisiwani ameolewa Kibaha, na wakwe zake wengine wako Kisarawe. Mahari yake aliyapokea mwenyewe mkononi, kama ilivyo haki yake. Akanunua dhahabu kidogo, na sehemu kubwa akaingia ubia na mama yake wakanunua mashine ya boti ya nguvu za farasi 15, kwa ajili ya faiba wanayobebea mwani. Mume naye akamtafutia gari, Toyota IST iliyotumika Japani. Kwa hiyo ndani ya mwezi mmoja bi harusi akawa na injini mbili, moja bara na moja Unguja, na kila jamaa akawa na fatwa yake ya mafuta.

Binamu aliyeko Maskati akapiga simu: kule pampu zina 91 na 95, na ile ya 95 wenyewe wanaiita mumtazi, basi mdogo wangu usitie kitu chini ya mumtazi. Shemeji wa Kisarawe akasema namba ikiwa kubwa gari linapata nguvu, mlima haliuhisi. Mjomba, nahodha wa miaka mingi, akacheka: tia yoyote, na petroli ikipanda bei ongeza mafuta ya taa kidogo, mashine zetu za zamani zilikuwa zikinywa hayo hayo. Bi harusi akatuuliza sisi, tuliokwenda kumsindikiza na kumla wali wake: nimsikilize nani?

Tulianza kwa kuuliza namba yenyewe ni ya nini. Ndani ya injini ya petroli, pistoni inaubana mchanganyiko wa hewa na petroli, halafu plagi inatoa cheche na moto unasambaa kwa utaratibu. Petroli isiyostahimili kubanwa haisubiri moto uifikie. Sehemu yake inajilipukia yenyewe pembeni, na ule mpigo ndio mafundi wanasema injini inagonga. Unasikika kama kokoto ndani ya kopo, hasa gari likipanda mlima na mzigo. Oktani ni kipimo cha kustahimili huko. Wataalamu wa miaka ya 1920 walichukua vimiminika viwili, kimoja kinachogonga haraka wakakipa 0, na kingine kigumu kugonga wakakipa 100, kisha petroli nyingine zote zikalinganishwa na mchanganyiko wa hivyo viwili.

Kwa lugha yetu sisi wanawake, oktani ni subira ya petroli. Si nguvu zake. Lita moja ya 91 na lita moja ya 95 zina joto karibu sawa ndani yake. Injini iliyoundwa kubana sana inahitaji petroli yenye subira nyingi, na injini ya kawaida ikipewa subira zaidi ya inayohitaji, haifanyi nayo lolote. Kwa hiyo huyo mumtazi wa Maskati ni mumtazi kwa gari linalomhitaji tu. Kwa jingine ni pesa iliyomwagwa, na dini yetu ina jina la jambo hilo: israfu.

Sasa gari. Ukifungua kifuniko cha tangi la IST ile, ndani kuna kibandiko cha maandishi ya Kijapani ambacho wengi wetu hatujawahi kukiangalia mara mbili. Fundi wa Maili Moja anayeyajua magari hayo alitusomea: petroli isiyo na risasi, ya kawaida. Japani wana petroli mbili, ya kawaida yenye oktani karibu 90, na nyingine wanaiita haioku, karibu 100. Magari madogo mengi yanayokuja kwetu, akina IST na Passo, yanakunywa ya kawaida, na petroli halali ya vituo vyetu inawatosha kabisa. Lakini kuna magari yaliyoandikwa haioku, na ya Ulaya yenye kibandiko cha 95 au 98, hasa yenye tabo. Hayo usiyafanyie ubahili. Ukiyapa ya chini, kompyuta ya gari inachelewesha cheche ili kuzuia kugonga, gari linakuwa zito na linakula mafuta zaidi, na pale ulipodhani umeokoa unalipa mara mbili. Basi swali la shemeji lina jibu kwenye kifuniko, wala halihitaji ugomvi wa ukoo.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: huku bara, kwa zaidi ya miaka kumi sasa, mafuta yanaagizwa kwa pamoja. Meli moja inaleta shehena, makampuni yanagawana. Bei ya juu kabisa inatangazwa kila mwezi na EWURA, kama sisi Zanzibar tunavyotangaziwa na ZURA. Kwa hiyo bango jekundu na bango la kijani barabara ya Morogoro mara nyingi yanauza petroli iliyoshuka kwenye bomba moja. Baadhi ya makampuni yanaongeza dawa ya kusafisha injini na kuipa petroli jina la fahari. Dawa hiyo inaweza kuwa na faida yake, ila kusafisha ni jambo moja na oktani ni jambo jingine. Tofauti kubwa kati ya sheli na sheli huwa inatokea baada ya meli, ndani ya lori au ndani ya tangi la ardhini.

Hapo ndipo tunakuja kwenye fatwa ya mjomba.

Siku ya pili ya harusi tulitoka Kibaha kwenda Kisarawe kuwaona wazee. Tulikuwa kwenye Noah, wanawake tisa na masinia, na dereva akajaza kwenye kituo kimoja ambacho jina lake tunaliacha. Tulipoanza kupanda vilima vya Kisarawe, kokoto zikaanza ndani ya kopo. Dereva akapunguza mwendo, bibi mmoja akaanza dua ya safari upya, na gari likafika likitetemeka. Fundi wa pale alitoa petroli kidogo kwenye tangi akaidondoshea karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi na kuondoka. Hii iliacha doa la mafuta, na harufu yake kila aliyewahi kuwasha kibatari anaijua. Mafuta ya taa.

Mafuta ya taa yana oktani ya chini mno. Ukiyachanganya kwenye petroli, unaishusha namba bila mnunuzi kuona, na pampu inaendelea kusoma lita zile zile. Neno "kuchakachua" lilivyotapakaa Tanzania nzima mwaka 2010, mafuta haya yalikuwa miongoni mwa sababu zake. Mwaka huo ndipo EWURA ilipoanza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili wakaguzi wajue yaliyoguswa, na bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei yake isimtamanishe mchakachuaji. Sera ile iliwaumiza akina mama waliokuwa wakipikia majiko ya utambi, na hilo hatulisahau. Lakini sababu yake tuliielewa vizuri zaidi juu ya kilima kile.

Mnaikumbuka hadithi ya Mtume, rehma na amani zimshukie, alipopita sokoni akaingiza mkono ndani ya rundo la chakula na vidole vikatoka na unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilichorowa, watu wakione. Sisi tunadhani hadithi hiyo ibandikwe kwenye kila pampu. Aliyechanganya petroli ile alijua nani atapanda gari. Au hakutaka kujua, ambayo si afadhali.

Gari likikwama Kisarawe, unakaa chini ya mwembe na watu wanakuletea maji. Mashine ikifa baharini wakati wa kusi, mkondo hauulizi una watoto wangapi nyumbani. Kwa hiyo kwa mashine ya boti tulikuwa wakali zaidi kuliko kwa gari, na hata mjomba alinyamaza.

Kitabu cha mashine ya mama kinasema petroli ya 87. Binti akashtuka: hiyo hata Maskati haipo! Ni hesabu tu. Marekani wanaandika wastani wa vipimo viwili, na kipimo chetu huku ni kimoja kati ya hivyo, kile kinachotoa namba kubwa. 87 ya Marekani ni kama 91 yetu. Ukisoma kitabu, tazama kwanza ni hesabu ya nani. Petroli ya kawaida, safi, inaitosha mashine ile, na ile chupa ya dawa ya kuongeza oktani inayouzwa dukani haina kazi hapo.

Ila boti ina shida ambayo gari halina. Gari linapanda kilima dakika tano kisha linapumzika. Mashine ya boti yenye mzigo wa mwani inasukuma maji kwa nguvu saa nzima bila kuachia, na kelele zake zinafunika kugonga. Hutasikia kokoto. Utajua siku pistoni itakapotoboka. Mjomba hakusema uongo: zipo mashine zilizoundwa kwa mafuta ya taa, zinabana kidogo, na huenda yake ya zamani ilikuwa hiyo. Hii ya mama si hiyo, na imenunuliwa kwa mahari ya mwanawe.

Halafu kuna oili. Injini nyingi ndogo za boti ni za mipigo miwili, oili inachanganywa ndani ya petroli yenyewe, nyingi kwa kiasi cha lita moja kwa lita hamsini. Fuata kitabu chako, na upime kwa kopo lenye alama, si kwa macho ya kijana wa bandarini. Na maji: petroli ni nyepesi, maji yanakaa chini. Jaza petroli kwenye chupa nyeupe ya kioo, iache itulie, utaona mstari. Mama yake bi harusi ametenga chupa iliyokuwa ya achari kwa kazi hiyo, na hakuna dumu linaloingia botini kabla ya kupita hapo na kwenye kitambaa cha kuchujia. Bi harusi naye Kibaha anajaza kituo kimoja, na risiti anazitunza kwenye pochi moja na cheti cha ndoa.

Tusimalize bila neno kwa wanaonyonyesha, maana oktani ina historia mbaya kwa watoto. Zamani namba ilipandishwa kwa kutia risasi kwenye petroli, ugunduzi wa Mmarekani Thomas Midgley mwaka 1921, na moshi wake ukadhuru bongo za watoto dunia nzima. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 zikawa zimeiacha. Aljeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Ajabu ni kwamba petroli imeisha risasi na baadhi ya wanja tunazowapaka maharusi bado zinayo. Hilo tutaliandikia siku yake, inshaallah.

Na kwa wenye mashine zinazolala mwezi mzima wa Ramadhani: petroli ikikaa kwenye dumu lililojaa nusu inavuta unyevu na inapoteza ule wepesi unaoisaidia kuwaka. Kabla ya kuiweka, funga bomba la mafuta na uache mashine iishe yaliyomo kwenye kabureta mpaka izime yenyewe. Baada ya Idi anza na petroli mpya, na ile ya zamani msiimwage ufukweni.