Kambi ya Panda: nani anapanga uzazi?

Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilometa karibu 120. Basi ilituteremusha asubuhi, tukaenda kwa miguu mpaka Panda, kambi ya zamani ya wafanyakazi wa Union Minière. Nyumba zinafuatana kwa mistari. Mbele ya moja, mama mzee mwenye miaka zaidi ya 80 alikuwa anachambua lengalenga.

"Jambo, mama." "Jambo, baba. Ikala."

Wasomaji wapendwa, tangu miaka ya 1920 kumpani ilitaka wafanyakazi wakae kambini pamoja na wake zao. Mke alipata posho, na watoto vilevile. Materinite zilijengwa, watoto wakapimwa kilo, wengi wakapona. Hilo lilikuwa jema. Lakini kumpani iliwaza pia wafanyakazi wa kesho. Huko kijijini wazee waliacha nafasi: mtoto anyonye, atembee, ndipo baba amrudilie mama. Kambini nafasi ile ikafupishwa.

"Miye nilizaa kumi," mama akasema. "Posho ilikuwa inakuya, ni kweli. Lakini hakuna mutu aliniuliza: mama, mwili yako iko namna gani?"

Mwaka 1967 serikali iliichukua kumpani, na baadaye ikaitwa Gécamines. Mwaka 2003 ilianza kuwatoa kazini wafanyakazi zaidi ya 10,000. Posho ilikuwa imekwisha; watoto wakabaki.

Mkwe wake alikuwa anasikiliza. Ana watoto wanne, na wa mwisho alimpata kwa kupasuliwa. Alimwomba bwana wapange uzazi, bwana akakataa. Alipofika kwa muganga, akaambiwa: "Bila ruhusa ya bwana, hapana." Akarudi nyumbani. Sasa ana mimba ya tano, na anaogopa.

Hakujua kwamba sheria ya afya ya tarehe 13 Desemba 2018 inasema hivi: bibi na bwana wapatane juu ya njia ya kupanga uzazi, wasipopatana, neno la yule ambaye njia inahusu mwili wake ndilo linashinda. Je, wangapi kati yetu tunaijua?

Tulipoaga, mama mzee akanishika mkono. "Zamani kumpani ilipanga. Leo bwana anapanga. Mwenye kubeba mimba atapanga siku gani?"

Ninyi wababa wa kambi na wa mashimo, ulizo hilo tulichukue nyumbani. Usiku huu, mbele ya kulala, muulize mke wako anasemaje. Halafu umusikilize mpaka mwisho.