Kijitaa cha manjano nilichokizoea

Leo sina mapambo wala mapishi. Nina habari ya gari, lakini kaa nami, hasa wewe bi harusi unayehesabu siku.

Globu ya breki ya kushoto ya gari yangu iliungua. Baba watoto alikuwa Pemba kikazi, nikasema globu tu hii, nitabadilisha mwenyewe. Nikaenda Darajani, muuzaji akanionesha mbili, ya kawaida na ya LED. "Chukua hii mama, inawaka kweli na haiungui ovyo." Nikachukua LED moja. Nyumbani nikafungua buti, nikazungusha soketi, nikatoa ya zamani nikaweka mpya. Mwanangu akasimama nyuma, mimi nikakanyaga breki. "Inawaka mama!" Wallahi nilijiona fundi. Nikampigia simu baba watoto nikajigamba.

Kesho yake, kila nikikanyaga breki, kinawaka kijitaa cha manjano kwenye dashibodi, kile cha kuonya kuwa kuna globu imeungua. Nikashuka nikatazama, zote zinawaka. Nikazima gari nikawasha, kikarudi. Nikaitoa globu, nikaifuta, nikairudisha. Kikarudi. Kumwambia baba watoto baada ya majigambo yale, haya zikanishika. Nikasema kijitaa hiki kiongo, taa zangu naziona kwa macho yangu. Baada ya wiki mbili nikawa sikioni tena, na kinawaka mbele ya pua yangu.

Ikaja harusi ya mtoto wa kaka yangu, Jambiani. Siku moja kabla, nikamchukua mwari mjini alikotiwa hina na piko. Amekaa nyuma, mikono juu, haigusi chochote. Kaka yake alikuwa nyuma yetu na gari iliyobeba masufuria. Jua lilikuwa linazama tulipofika Jozani, pale penye matuta ya kuwalinda kima wasigongwe. Nikapunguza mwendo kwenye tuta. Nikasikia matairi yanalia nyuma, kioo kikajaa mwanga, gari ya yule kijana ikapita ubavuni mwangu ikaishia kwenye majani. Bi harusi hakuweza hata kujishika kiti.

Kijana akashuka anatetemeka. "Shangazi, taa zako za breki haziwaki hata moja!"

Tulisema alhamdulillah mara nyingi sana. Nikawasha taa za dharura, yeye akabaki nyuma yangu, tukaenda pole pole mpaka Jambiani.

Asubuhi akaja fundi umeme, kijana wa pale kijijini. Nikamwambia kijitaa hicho ni cha zamani, kina uongo. Akacheka. "Mama, gari haina macho. Haioni mwanga, inapima umeme unaopita kwenye waya." Globu ya kawaida ya breki ni ya wati 21. LED yangu ilikuwa ya wati kama 3 tu. Gari ikiona umeme mdogo hivyo, inajua globu imekufa, hata kama inang'aa. Kumbe mimi naangalia mwanga, gari inaangalia kitu kingine, na kila mmoja ana haki yake.

Lakini silo hilo lililotaka kutuua. Gari yangu ina kijitaa kimoja tu kwa taa zote za nyuma. Globu ya kulia ilipoungua kweli, kijitaa hakikuwa na namna ya kuniambia, maana kilikuwa kimeshawaka. LED nayo ilikuwa inacheza kwenye soketi iliyoota kutu ya kijani, kwa huu upepo wetu wa chumvi. Na ile ndogo ya kwenye kioo cha nyuma, hata sijui ilikufa lini. Kijitaa kile kile, ila sasa kinasema jambo jipya.

Akasugua soketi, akaweka globu mpya za kawaida kushoto na kulia. Tukawasha gari, nikakanyaga breki. Dashibodi kimya.

Basi dada yangu mwenye gari, shika haya. Soma maandishi kwenye kitako cha globu ya zamani, ununue aina ile ile na wati zile zile. Angalia kama ina nyuzi moja au mbili, maana ya nyuzi mbili hufanya kazi ya taa ya usiku na ya breki pamoja. Ukitaka LED, muulize fundi kwanza kama gari yako inaikubali. Tazama soketi isiwe na kutu. Na ukiwa peke yako usiku, rudi nyuma karibu na ukuta, kanyaga breki, utauona wekundu ukutani. Dua ya safari tunaisoma, lakini tumefundishwa ngamia afungwe kwanza ndipo tutawakali.

Na wewe bi harusi, nikwambie la nyumbani kwangu. Mwaka wa kwanza wa ndoa, baba watoto alikuwa akirudi kazini hasemi neno. Iliniuma, sikumuuliza. Nikajiambia ndivyo alivyo, nikazoea. Mwaka wa tatu biashara yake ilianguka, akakaa na deni kifuani miezi miwili. Nilikuwa namtazama kila usiku amenyamaza, nikadhani ni ule ule ukimya wake. Nilikuja kujua kwa watu. Nililia, si kwa sababu ya deni.

Kwa hiyo linalokukera dogo, usiliache likawaka mpaka ukalizoea. Uliza kwa upole, mapema, hata kama jibu lake ni la wati 3. Likishazimwa, siku jingine likiwaka utaliona.

Usiku wa harusi nilimpigia baba watoto nikamweleza yote, globu, majigambo na Jozani. Alinyamaza kidogo. Nikamuuliza, "Umenyamaza nini?"

Akasema, "Nimeogopa."

Mwenyezi Mungu atuhifadhi njiani na majumbani mwetu. Amin.