Mkono wa Mafuta: Enzi za Pikipiki ya Shafti Likoni

Mwishoni mwa miaka ya 1980 pikipiki za Likoni zilikuwa chache hata tukizijua kwa mlio kabla hazijatokeza. Bwana afya alikuwa na Yamaha ya serikali, fundi wa simu alikuwa na Honda, na wachuuzi wawili watatu wa samaki walikuwa na Suzuki ndogo zilizofungwa kreti nyuma. Watu wengine wote walikwenda kwa miguu, kwa baiskeli au kwa matatu hadi feri. Pikipiki hizo zilikuwa za cheni. Ya shafti niliijua moja tu, nayo ilikuwa ya mjomba wangu: BMW R60/6 ya katikati ya miaka ya 1970, aliyoinunua kwa Mjerumani aliyekuwa na nyumba Diani na aliyekuwa akirejea kwao.

Mjomba alikuwa fundi wa mitambo bandarini Kilindini. Jioni akishavuka feri kurudi Likoni alivua nguo za kazi, akafungua kibanda chake kando ya njia ya Mtongwe, na watu wakamletea kila chenye injini: mashine za boti, jenereta, pampu za maji na pikipiki. Nikitoka shule nilikuwa hapo, nikiosha nati kwa petroli na kumshikia tochi. Ufundi nilionao leo nilianza kuupata pale, na jambo la kwanza nililoelewa vizuri lilihusu tofauti ya pikipiki ya shafti na ya cheni.

Vijana walikuwa wakibishana barazani kwake. Wapo waliosema pikipiki ni pikipiki, na kwamba ile BMW ilionekana tofauti kwa sababu ya uzito wake wa kilo mia mbili na zaidi. Wengine walidai shafti huvuta upande na itamwangusha asiyeizoea. Mjomba hakuupenda ubishi wa maneno matupu. Siku moja aliumaliza kwa ukuta.

Aliisogeza BMW mpaka tairi la mbele likagusa ukuta wa mawe ya matumbawe. Akaipanda, akatia gia ya kwanza, akaachia klachi polepole huku akiongeza mafuta kidogo. Mimi nilikuwa nimechuchumaa nyuma, nimesimamisha fito kando ya gurudumu na kuitia alama ya chaki usawa wa madigadi. Madigadi ikainuka, na yeye juu yake, ikaipita alama kwa upana wa vidole vitatu. Alipokata mafuta ikashuka. Akaiondoa, akaileta Honda ya mteja mahali pale pale, akafanya vile vile. Hiyo nayo iliinuka, lakini haikufika hata upana wa kidole kimoja. Barazani palikuwa kimya, kisha kila mtu akataka kujaribu.

Akatueleza sababu. Shafti inapofika kwenye gurudumu la nyuma, gia ndogo iliyo mwisho wake hukutana kwa pembe na gia kubwa inayozungusha gurudumu. Gia ndogo inapoisukuma kubwa, yenyewe hutaka kuipanda. Gamba la gia hizo, kwa pikipiki za zama zile, lilifungwa moja kwa moja kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Kwa hiyo nguvu ile ya kupanda huingia kwenye mkono, na mkono ukainua fremu pamoja na mpandaji. Ukikata mafuta nguvu inaondoka na nyuma inashuka. Cheni pia huvuta mkono huo, lakini mvuto wake unakaribia kufuata mstari wa mkono wenyewe, kwa hiyo nguvu yake ya kunyanyua ni ndogo.

Waliosema huvuta upande nao hawakusema uongo. BMW ile ikiwa imesimama, ukiongeza mafuta kwa ghafla, ilijilaza kidogo kulia. Mjomba alisisitiza kwamba shafti haihusiki na hilo. Kosa ni la krenki ya injini, ambayo kwenye BMW hizo imelala kwa urefu wa pikipiki badala ya kukingama. Yamaha XS750, iliyotoka katika miaka hiyo hiyo ya 1970, ina shafti na krenki yake imekingama: huinuka nyuma na wala hailalii upande. Nililipenda somo hilo kwa sababu lilinifundisha kutenganisha mambo. Watu huona dalili mbili kwenye chombo kimoja wakadhani chanzo ni kimoja.

Barabarani tofauti hiyo ilijidhihirisha zaidi kwenye raundabauti ya Changamwe. Jumapili asubuhi tulikuwa tukivuka feri, tukipita kisiwani na Makupa, tukapanda Kibarani kwenda kwa shangazi aliyekaa Mikindani. Malori ya bandarini yalikuwa yamemwaga dizeli kwenye lami wiki nzima. Nikiwa nyuma, mikono kiunoni mwa mjomba, niliusikia mwenendo wa mashine kupitia kiti. Alipunguza mwendo mapema, kabla ya kuingia kwenye mzunguko. Akishainamisha pikipiki, aliongeza mafuta kidogo tu, na kiti kikapanda kikatulia juu. Kilibaki hapo mpaka tulipotoka upande wa pili, ndipo akaongeza zaidi. Hakukata mafuta katikati hata mara moja, kwa maana angekata, nyuma ingeshuka wakati pikipiki imeinama, stendi ya kati ingekwaruza lami na tairi lingepoteza mshiko juu ya dizeli.

"Mwanangu," aliniambia siku moja tulipofika, "kwenye shafti mkono wa mafuta ndio unaoshika springi za nyuma. Usiuchezeshe ndani ya kona."

Feri ilikuwa na somo lake. Maji yakipwa, mteremko wa kushukia chomboni hurefuka, na sehemu ya chini, inayofunikwa na bahari nyakati nyingine, huwa na ukungu wa kijani unaoteleza. Hapo pikipiki ya cheni iliyolegea ilikuwa ya hatari. Cheni ikiwa na ulegevu mwingi, mpandaji anaongeza mafuta na hakuna kinachotokea, halafu cheni inakazika kwa mpigo, gurudumu linazunguka mahali pamoja na mtu yuko chini. Shafti ya mjomba haikuwa na ulegevu wa namna hiyo. Ilikuwa na mlio mdogo wa gia kukutana, tak, kisha ikaondoka kwa utulivu. Lakini kwenye mchanga wa Mtongwe mizani iligeuka. Gia na gamba lake vimebebwa na gurudumu lenyewe, chini ya springi, kwa hiyo kila shimo lilipopigwa, nyuma yote ilitua kwa kishindo, na mgongo wangu ulilijua hilo. Suzuki za wachuuzi wa samaki zilipita njia ile ile kwa wepesi.

Huko nje wahandisi walikuwa wakiushughulikia mnyanyuko huo. BMW wenyewe walikuwa wakitengeneza pikipiki za shafti tangu R32 ya mwaka 1923, na mwaka 1987 walitoa R80 GS na R100 GS zenye mfumo walioupa jina la Paralever. Gamba la gia liliwekewa kiungo chake na fimbo inayolishikanisha na fremu, ili ile nguvu ya kupanda iende kwenye fremu badala ya kuinua mkono wa nyuma. Anayeendesha shafti ya siku hizi anaweza kukuambia hahisi lolote, na asemalo ni kweli kwa chombo chake. Yetu ilikuwa ya zamani, na ilikutaka uijue.

Matunzo ya cheni na ya shafti nayo yalikuwa mbali kama mbingu na ardhi. Cheni ya Likoni ina maadui wawili, mchanga na chumvi ya bahari. Wengi waliipaka oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, nayo ikakamata mchanga na kuwa msasa. Miezi michache baadaye meno ya sproketi yalikuwa yamechongoka na kupinda kama ya papa. Mjomba alinifundisha kuiosha kwa mafuta ya taa na brashi, kuikausha, kuipaka oili safi kidogo upande wa ndani na kufuta inayozidi. Alinifundisha pia kwamba mdomo wazi wa klipu ya kiungo hauelekezwi upande ambao cheni inakwenda, usije ukanaswa ukachomoka. Shafti haikutaka hayo. Ilizunguka ndani ya bomba lililofungwa, kwenye oili yake, na mchanga haukuifikia.

Udhaifu wake ulikuwa kwingine. Spea zake zilikuja ndani ya mabegi ya wageni, jamaa za yule Mjerumani waliokuwa wakija likizo Diani. Agosti 1997 machafuko yalizuka Likoni. Usiku wa tarehe 13 kituo cha polisi kilivamiwa, watu wakauawa, na maelfu wakakimbia makwao. Watalii waliacha kuja, mahoteli ya Pwani ya Kusini yakafunga milango, na wale wageni wetu hatukuwaona tena. Wakati huo mpira unaofunika jointi ya shafti, nyuma tu ya gia boksi, ulikuwa umepasuka kwa uzee. Mjomba alikata tyubu ya lori akaufunga badala yake. Mpira wa tyubu hauvumilii oili. Ulivimba, ukalainika, oili ikavuja kidogo kidogo, na jointi ikazunguka kavu bila sisi kusikia chochote. Cheni hulalamika wiki nyingi kabla ya kukatika. Shafti ilinyamaza mpaka siku iliposhindwa, karibu na Shika Adabu, na tuliisukuma hadi nyumbani. Haikutembea tena. Mjomba aliifunika turubai, akaendelea kuwatengenezea wenzake cheni zao, na sikuwahi kumsikia akinung'unika.

Kisha zikaja nyakati hizi. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwenye pikipiki zisizozidi cc 250, na ng'ambo zetu zote zikabadilika: Likoni, Kisauni, Changamwe. Boxer, TVS na Honda zilijaa kila steji, kutoka Kongowea hadi Mwandoni, kutoka Magongo hadi Chaani. Zote za cheni, na kwa sababu nzuri. Boxer ya kawaida ina kama nusu ya uzito wa ile BMW. Cheni hupoteza nguvu kidogo kuliko gia za pembe, na kwa injini ndogo kila nguvu ina thamani. Anayebeba mizigo hubadilisha sproketi ya nyuma akaweka yenye meno mengi zaidi ili apande kilima bila kuichosha injini. Kwenye shafti huwezi kufanya hivyo kwa spana mbili kando ya barabara. Shafti imerudi kwetu kupitia pikipiki za mizigo za magurudumu matatu, zenye propela inayopita chini hadi kwenye difu, lakini hizo haziinami kwenye kona, na hali yake ni nyingine.

Nilihamia Kisauni na nina kibanda changu. Kazi yangu kubwa ni cheni. Hapo nimekuja kuelewa jambo ambalo katika siku za ule ukuta nilikuwa bado mdogo kulipata lote. Vijana huniletea pikipiki wakisema inavuta upande, inatetemeka, inaruka ukiongeza mafuta, na wengi wanafikiri fremu imepinda. Mara nyingi ni cheni. Mtu ameikaza kwa kuvuta nati ya upande mmoja zaidi ya mwingine, gurudumu la nyuma limekaa mshazari, na pikipiki inakwenda kama kaa. Au ameikaza kupita kiasi, naye akimpakia abiria, nyuma inaposhuka cheni haina pa kupumua, springi zinashindwa kufanya kazi na beringi zinaliwa. Au kiungo kimoja kimekakamaa kwa kutu, na kila kikipita kwenye sproketi pikipiki inagutuka.

Kwa hiyo nikiulizwa kama shafti na cheni huendeshwa tofauti, najibu ndiyo, bila kusita. Tabia ya shafti imezaliwa nayo. Imetoka nayo kiwandani, haibadiliki leo na kesho, na mpandaji hana budi kuisoma na kuifuata. Cheni tabia yake huipata kwetu, kwa namna tulivyoifunga, tulivyoiosha na tulivyoiacha. Boxer mbili za mwaka mmoja, moja imetunzwa na nyingine imetelekezwa, zinatofautiana barabarani zaidi kuliko Boxer nzuri na shafti.

Na lile la mkono wa mafuta linafaa pande zote mbili. Asiyejua kuutuliza mkono huo kwenye cheni husamehewa mara nyingi, kwa kuwa nyuma haishuki sana, hivyo akaizoea tabia hiyo mpaka siku ya mvua, abiria wawili nyuma na kona yenye dizeli. Ndiyo maana vijana wanaojifunza kazi kwangu hawapewi pikipiki ya mteja waijaribu kabla ya mambo mawili. Kwanza wainue gurudumu la nyuma, walizungushe kwa mkono polepole mzunguko mzima, wapime ulegevu wa cheni zaidi ya mahali pamoja na kulinganisha alama za pande mbili za ekseli. Pili waende uwanjani wazunguke duara, mafuta yakiwa sawa toka mwanzo hadi mwisho, hadi nikikaa nyuma kama abiria nisione kiti kikicheza. Anayeweza hilo nampa ufunguo, na akipata siku moja pikipiki ya shafti, ya zamani au mpya, ataijua bila kuhitaji ukuta.